Shoga yangu aliinuka katikati ya filamu ya tatu

BARUA

Habari za kazi, ndugu zangu wa safu hii.

Naandika kutoka Tanga. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na shoga yangu ana duka la vitambaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Tuna kawaida yetu: orodha ya wanaowania tuzo za filamu za Oscar ikitangazwa kila Januari, hatuhangaiki na filamu ndefu. Tunachukua zile fupi, 5 za katuni, 5 za kuigizwa na 5 za makala, tunazitazama zote kabla ya usiku wa tuzo. Atakayebashiri vibaya anampikia mwenzake biriani.

Mwaka 2025 mambo yaliharibika. Tuliamua kutazama kundi zima kwa mkao mmoja, Jumamosi tatu. Jumamosi ya katuni alikuja na mpwa wake wa miaka 6. Tulipofika kwenye Wander to Wonder mtoto akaanza kuuliza kwa nini yule mzee amelala hasogei, na kwa nini yule mdogo hana suruali. Tukazima. Jumamosi ya kuigizwa tuligombana. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza na yanapita mbio, kwa hiyo nilikuwa nasimamisha filamu kila mara nimweleze. Akaniambia, "Mwalimu, mimi si mwanafunzi wako." Halafu The Man Who Could Not Remain Silent ilipokwisha akakasirika kabisa: "Muda wote huu tunamfuata mtu ambaye hakufanya chochote. Imeishaje hivi?" Nami sikuwa na jibu.

Jumamosi ya makala ndiyo iliyotuumiza. Tulianza na Death by Numbers, ikafuata I Am Ready, Warden, ikafuata Incident. Mwenzangu alikuwa amemzika mdogo wake Desemba. Nilijua, nilikaa naye msibani siku zote, lakini siku ile sikuliwaza hilo hata kidogo. Katikati ya Incident aliinuka, akachukua mtandio wake, akasema "naenda", akaenda. Hajanigombeza hata siku moja. Tunasalimiana, ananitumia picha za vitambaa vipya, ila nikigusia filamu anabadili mazungumzo.

Msimu mwingine unakuja na ningependa turudie. Nimrudishe vipi bila kumuumiza tena? Tutazame ngapi kwa usiku mmoja na kwa mpangilio gani? Na hayo maandishi ya chini tuyafanyeje?

Mwalimu wa Tanga

JIBU

Dada Mwalimu,

Tuanze na mwenzako. Filamu zitafuata.

Zitazame tena zile tatu ulizoziweka mfululizo. Death by Numbers, dakika 33, ni ya msichana aliyenusurika shambulio la bunduki shuleni kwao Parkland, Florida, anayekwenda kumkabili mahakamani aliyempiga risasi. I Am Ready, Warden, dakika 37, ni siku za mwisho za mfungwa wa Texas aliyehukumiwa kifo, na kijana ambaye baba yake aliuawa na mfungwa huyo. Incident, dakika 30, ni mtu aliyepigwa risasi na polisi barabarani Chicago mwaka 2018, na humo hakuna mwigizaji: picha zimetoka kwenye kamera za ulinzi na kamera wanazovaa polisi wenyewe. Jumla dakika 100 za vifo vya watu halisi, bila pumziko, mbele ya mtu aliyetoka kuzika. Na yeye hakuwa na njia ya kujua kinachokuja, kwa kuwa majina ya filamu hizo hayasemi kitu. Aliyekuwa na uwezo wa kujua ni wewe uliyeandaa.

Kwa hiyo mfuate dukani, saa ambayo wateja wamepungua. Usimtumie ujumbe wa simu. Mwambie maneno machache: siku ile nilikukosea, nilijua umefiwa nikakuwekea vifo vitatu mfululizo bila kukutahadharisha. Kisha nyamaza. Usieleze kwamba orodha ndivyo ilivyopangwa, usiseme hukukusudia, na usitaje msimu ujao siku hiyo. Akitaka kuongelea marehemu, mwache aongee mpaka amalize. Mwaliko utoe baada ya wiki moja au mbili, na filamu ya kumwalikia tutaitaja mwishoni.

Kuna kanuni moja watazamaji wengi wa filamu wanaishika kwa nguvu, nayo ni kutomhadithia mtu mwisho. Kwa filamu hizi, na kwa mtu mwenye jeraha, kanuni hiyo iweke pembeni. Kabla ya kila filamu mwambie mambo matatu: nani anakufa, je, tunaona kifo chenyewe au tunasikia habari zake tu, na je, picha ni halisi au za kuigiza. Sekunde 20 zinatosha. Kwa Incident ungesema hivi: "Mtu anapigwa risasi na polisi, anafia barabarani, tunaona, na ni picha halisi." Hapo mwenzako angekuwa na nafasi ya kusema hii leo hapana, mkaiweka kando, na asingelazimika kuinuka gizani.

Fanya hivyo hata kwa filamu inayoonekana tamu. Hair Love, katuni ya dakika 7 ya Matthew A. Cherry iliyoshinda Oscar mwaka 2020, watu huiweka wakijua ni ya baba anayehangaika kumtengeneza binti yake nywele. Ni kweli, na sehemu anapopambana na zile nywele kama anapigana ulingoni inachekesha sana. Lakini mama wa mtoto yuko hospitali na nywele zimemtoka kwa maradhi. Mtu aliyeuguza ndugu ataliona hilo kabla ya kitu kingine chochote. Mwambie mapema: mama anaumwa, lakini anarudi nyumbani. Akishajua hivyo atacheka pale pa kuchekea.

Ili uweze kusema hayo, itabidi utangulie kuzitazama wewe. Mpishi huonja mchuzi kabla hajampakulia mgeni. Filamu zote 15 za mwaka 2025 zilikuwa na jumla ya dakika 345 hivi, yaani pungufu kidogo ya saa 6, na huna haja ya kuzimaliza zote mapema. Zionje za makala kwanza, hata kwenye simu, hata bila kuzimaliza, kisha zile za kuigizwa ambazo maelezo yake yanataja vita, magereza au mtoto aliyepotea.

Sasa idadi. Tatu kwa usiku. Tano ni nyingi mno, na sababu haiko kwenye saa. Kwa masharti ya Oscar filamu fupi haizidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, kwa hiyo tano haziwezi kupita saa 3 na dakika 20, muda ambao watu wanaumaliza kwa filamu moja ya Kihindi bila shida. Tofauti ni kwamba filamu ndefu inakuingiza mara moja na kukutoa mara moja. Tano fupi zinakuingiza mara tano: unajifunza sura mpya, lugha mpya, nchi mpya, na ukishazoea tu imekwisha. Kufikia ya nne kichwa hakipokei tena. Mtu anakuwa ameangalia skrini tu, kisha anasema filamu ilikuwa mbaya kumbe yeye ndiye amechoka.

Wala msitazame kwa makundi. Kumbi za Marekani na nchi nyingine huonyesha katuni peke yake, za kuigizwa peke yake na za makala peke yake, kwa kuwa ndivyo zinavyouzwa tiketi. Nyumbani Tanga hakuna aliyekulazimisha. Changanyeni: kila usiku katuni moja, ya kuigizwa moja, ya makala moja. Mikao mitano inamaliza zote 15. Mwaka 2025 walioteuliwa walitangazwa tarehe 23 Januari, Alhamisi, na tuzo zikatolewa Jumapili tarehe 2 Machi. Hapo katikati mlikuwa na Jumamosi sita: tano za kutazama, na moja ya akiba kwa filamu zinazochelewa kupatikana.

Ndani ya usiku mmoja, iliyo nzito iwekeni katikati. Ya kwanza hutazamwa na watu ambao bado wanajibu simu na kutafuta mto wa kuegemea, na ya mwisho ndiyo mtu anayoondoka nayo kwenda kulala. Mfano wa orodha hiyo ya 2025: mngeanza na Anuja, dakika 22, ya wasichana wawili ndugu wanaofanya kazi kiwanda cha nguo Delhi. Muuza vitambaa angekuwa na mengi ya kukueleza hapo, badala ya wewe kumweleza yeye. Kisha Incident, dakika 30, kama amekubali. Mkafunga na Yuck!, katuni ya Kifaransa ya dakika 13 kuhusu watoto wanaokirihishwa na watu wazima wanaobusiana, huku wenyewe wakitamani kujaribu. Jumla dakika 65. Ongezeni mapumziko mawili ya dakika 10, saa moja na nusu imetosha.

Mapumziko hayo ni sehemu ya kutazama, msiyafupishe. Filamu ikiisha acheni majina yapite mpaka mwisho, na taa kubwa isiwashwe ghafla. Kinachovuruga hapa ni mashine: Netflix na YouTube zina tabia ya kurusha kitu kingine kabla majina hayajaisha. Zimeni huo uchezaji wa moja kwa moja kabla hamjaanza, kwenye mipangilio ya akaunti kwa Netflix, na kwa YouTube ile swichi ndogo iliyo kwenye kicheza video. Filamu ya dakika 14 ikikatwa na tangazo la tamthilia sekunde ya tatu baada ya picha ya mwisho, umepoteza sehemu yake kubwa.

Na hapo tufike kwenye hasira za shoga yako, maana tunadhani alikuwa ameiona ile filamu vizuri kuliko alivyojua mwenyewe.

The Man Who Could Not Remain Silent, ya Nebojša Slijepčević wa Croatia, ina dakika 14 tu. Inahusu tukio la tarehe 27 Februari 1993, wakati wa vita vya iliyokuwa Yugoslavia. Wapiganaji wenye silaha walisimamisha treni ya abiria kwenye stesheni ya Štrpci, wakakagua vitambulisho, wakawashusha karibu watu 20, wengi wao Waislamu, wakawaua. Aliyepinga ndani ya treni ni mmoja, Tomo Buzov, mwanajeshi mstaafu. Naye akachukuliwa.

Sasa tazama kamera ilivyokaa. Tangu mwanzo tuko ndani ya behewa na mwanamume mwingine, mwenye sura ya kuaminika. Anamtuliza kijana asiye na vitambulisho sahihi, anamwambia hawatamruhusu mtu amchukue. Kila mtazamaji anasoma jina la filamu na kumtazama huyo, akijisemea: ndiye huyu asiyeweza kunyamaza. Wale wenye silaha wanaingia. Sauti inayoinuka si yake. Ni ya abiria ambaye tulikuwa hatumjali, na yule tuliyemfuata anabaki amekaa.

Mwenzako alisema mmemfuata mtu ambaye hakufanya chochote. Amelisema lile lile ambalo filamu imetengenezwa ili aliseme. Karibu watu wote waliokuwa kwenye treni ile hawakufanya chochote, na kamera imetuketisha na mmoja wao ili tujiulize sisi tungekaa wapi. Hasira yake ndiyo majibu sahihi, ila ilikosa mtu wa kumwambia "endelea". Siku nyingine akiuliza imeishaje hivi, usikimbilie kueleza. Muulize: ulitaka nani afanye nini? Hapo ndipo maongezi yanapoanza.

Filamu fupi nyingi zimejengwa juu ya uamuzi mmoja wa mtu mmoja. Uamuzi ukishafanyika, au ukishakwepwa, filamu haina kazi nyingine, inakata. Mtu aliyezoea tamthilia anasubiri matokeo: je, alikamatwa, mtoto alipatikana? Mpe jambo moja la kushika kabla hamjaanza, kwamba amtafute nani anatakiwa kuamua na ni lini anaamua. Baada ya filamu nne tano hatalalamika tena kuhusu mwisho. Ataanza kulalamika kuhusu mwanzo uliochelewa, na hapo ujue umepata mwenza wa kweli.

Kama atapenda kulifuata jambo hili, zipo mbili nyingine zilizowahi kuwania Oscar ambazo zinakaa vizuri na hiyo, na zote ni za huku kwetu. Na Wewe, ya Ivan Goldschmidt wa Ubelgiji, iliyoteuliwa mwaka 2011, iko Burundi ya 1994: basi dogo linasimamishwa na waasi, abiria wanaambiwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Watu Wote, ya Katja Benrath, iliyoteuliwa mwaka 2018, ilitengenezwa na wanafunzi wa chuo cha Hamburg wakiwa Kenya. Hiyo inatokana na shambulio la Desemba 2015 dhidi ya basi la Mandera, ambapo abiria Waislamu walikataa kujitenga na Wakristo mbele ya al-Shabaab. Chombo kimesimamishwa njiani, mwenye bunduki anauliza wewe ni nani, na kila filamu inajibu kivyake. Ya Kroatia ina dakika 14, ya Burundi kama 19, ya Kenya 22, jumla hazifiki saa moja. Ila zote tatu ni nzito, kwa hiyo ziwe usiku wake zenyewe, baadaye sana, akiwa ameomba yeye.

Watu Wote ina faida nyingine kwenu. Kiswahili ndani yake si cha kusoma chini ya picha, mnakisikia wenyewe kutoka midomoni mwa waigizaji, mkabaki na maandishi kwa sehemu za Kisomali tu. Hapo mwenzako hatahitaji mkalimani, na atakusahihisha wewe.

Kuhusu maandishi ya chini kwa filamu nyingine: acha kabisa kusimamisha. Ukisimamisha mara sita katika dakika 14, umeikata filamu vipande saba, na mtu anayeelezwa anahisi kupimwa. Fanya hivi. Kabla ya kuanza, mpe sentensi tatu: ni wapi, ni mwaka gani, nani ni nani. Kwa ile ya treni ingetosha: "Ni mwaka 1993, vita vya Yugoslavia. Watu wenye silaha wanasimamisha treni wanatafuta Waislamu. Ndani ya behewa wamo mtu mzima na kijana asiye na karatasi." Kisha tazameni moja kwa moja mpaka mwisho, ameelewa asilimia ngapi haijalishi. Mkishapumzika, irudieni, na mara hii asimamishe yeye pale anapotaka. Filamu ya dakika 14 ukiirudia ni dakika 28, bado ni muda wa kipindi kimoja cha televisheni. Filamu ndefu haikupi nafasi hiyo.

Ukubwa wa herufi hubadilishwa. Kwenye YouTube, ndani ya mipangilio ya maandishi, unaweza kupandisha mpaka asilimia 150 au 200, na Netflix nayo ina herufi kubwa kwenye mipangilio ya maandishi. YouTube hutoa pia tafsiri ya mashine kwa Kiswahili pale maandishi yanapokuwa ya kuwashwa na kuzimwa. Itumieni kama fimbo ya kuegemea tu, kwa sababu hukosea nafsi na huweza kugeuza utani kuwa matusi. Maandishi yaliyochapwa ndani ya picha yenyewe hayabadiliki. Dawa yake ni kusogeza viti: kwa televisheni ya inchi 32, kaeni mita moja na nusu hadi mbili kutoka skrini. Na muwe na moja isiyo na maneno kila mnapoweza. In the Shadow of the Cypress ya Wairani Shirin Sohani na Hossein Molayemi, iliyoshinda upande wa katuni mwaka 2025, ina dakika 20 na haina mazungumzo hata neno moja. Ila mtahadharishe: ni baba aliyeharibiwa na vita, na binti anayemuuguza.

Vyombo tutavipitia upesi. Televisheni nyingi mpya zina kitu kinachoongeza picha katikati ya picha ili mwendo uonekane laini. Samsung wanakiita Picture Clarity, zamani Auto Motion Plus, LG TruMotion, Sony Motionflow. Kizimeni. Filamu hurekodiwa kwa picha 24 kwa sekunde, na katuni za wanasesere kama Wander to Wonder husogezwa kwa mkono hatua kwa hatua. Televisheni ikijaza nafasi hizo, ile mitetemo midogo ya mkono wa fundi inapotea na kila kitu kinafanana na tamthilia ya studio. Kama mnatumia sabufa, punguzeni besi, kwa sababu besi ndiyo inayomeza maneno. Sauti ya kila filamu hutofautiana na ya iliyotangulia, basi shika rimoti dakika ya kwanza ya kila moja, ukishapata kipimo iweke chini. Incident msiitazame kwenye simu. Skrini yake hugawanywa vipande vinavyokwenda kwa pamoja, na maelezo yameandikwa juu ya picha, kwa hiyo kwenye simu hamtaona kitu. Na bisi zilieni kabla. Mtu akitafuna karibu yako hukosi kelele kubwa, unakosa mnong'ono, na filamu hizi zina minong'ono mingi.

Bando: Netflix hutumia takriban GB 0.7 kwa saa kwa ubora wa kati, na mpaka GB 3 kwa saa kwa HD. Dakika 345 zote kwa ubora wa kati ni kama GB 4. Kwa HD ni karibu 17. Kwa televisheni ya inchi 32 ubora wa kati unatosha, isipokuwa kwa Incident. Pakua mapema, usiku wa katikati ya wiki, na ukumbuke kwamba kilichopakuliwa ndani ya Netflix hubaki ndani ya programu hiyo.

Msitegemee kuzipata zote 15. Anuja na The Only Girl in the Orchestra zilikuwa Netflix. Nyingi za makala, na baadhi ya za kuigizwa, huwekwa bure YouTube na magazeti yaliyozinunua: The New Yorker waliweka I'm Not a Robot na Incident, na The New York Times wakaweka Instruments of a Beating Heart. Nyingine hufungiwa kwa nchi fulani, nyingine hutokea wiki mbili kabla ya tuzo. Siku orodha inapotangazwa andika majina yote kwenye daftari, tafuta moja moja kwenye kurasa za wenyewe, kisha rudia kutafuta kila Jumatano. Mkipata 11 au 12 mmefanya vizuri.

Watoto na kundi la katuni: neno katuni kwenye Oscar halimaanishi ya watoto. Bestia ya Chile, iliyoteuliwa mwaka 2022, inamhusu mwanamke wa polisi wa siri wa Pinochet, aliyekuwa dikteta wa nchi hiyo. If Anything Happens I Love You, iliyoshinda mwaka 2021, ni ya wazazi ambao binti yao aliuawa kwa risasi shuleni. Mpwa aje usiku ambao wewe umeshaionja katuni yake.

Biriani ibaki. Ila tengenezeni safu mbili kwenye daftari: itakayoshinda, na niliyoipenda. Watu wengi huchanganya hivi viwili, wakaanza kutetea filamu ambayo hawaipendi kwa sababu tu waliiwekea dau. Na mchukue sharti ambalo Oscar wenyewe walilitangaza Aprili 2025, kwamba mpigakura lazima awe ameziona zote zilizoteuliwa katika kundi ndipo apige kura ya mwisho kwenye kundi hilo. Aliyesinzia haipi filamu alama mpaka airudie. Aanze kusema yule ambaye haikumgusa, na asikatizwe. Mwenye shauku akitangulia, mwingine hukubali tu kwa adabu, nawe ukiwa mwalimu utashinda kila mjadala bila kujua.

Sasa filamu ya kumrudishia. Ile Jumamosi mliacha mbili hamjazitazama. Ya kwanza, The Only Girl in the Orchestra, dakika 35, ndiyo iliyokuja kushinda: ni ya Orin O'Brien, mpiga besi kubwa, ile ala ya nyuzi, aliyeingia okestra ya New York Philharmonic mwaka 1966 akiwa mwanamke pekee, na imetengenezwa na mtoto wa ndugu yake. Ya pili, Instruments of a Beating Heart, dakika 23, iko kwenye shule ya msingi Tokyo, darasa la kwanza, watoto wanajiandaa kupiga muziki wa kuwapokea wadogo zao wanaoanza shule. Hakuna anayeuawa humo. Kuna mtoto anayeitwa Ayame aliyeomba ngoma akakosa, akapata matoazi, kisha akakemewa mbele ya wenzake kwa kutofanya mazoezi, akalia.

Mwalike kwa hizo mbili tu, mwambie ni zile tulizozikosa kwa sababu yangu. Anza na ya watoto. Ayame akianza kulia na mwalimu mwingine akamsogelea, usiseme kitu. Mwache shoga yako akwambie yeye anavyomwona yule mwalimu.